Mwaka wa Kwanza Kando ya Ziwa: Familia Iliyohamia Ijilisheje

Familia nyingi zinazohamia vijiji vya ziwani mkoani Mwanza, iwe Magu, Sengerema, Buchosa au visiwani Ukerewe, huja na hesabu moja kichwani: ziwa lipo, samaki wapo, njaa itatoka wapi? Hesabu hiyo huangusha wengi. Ziwa linatoa mboga na hela ya siku, lakini halijazi kihenge. Asiye na mtumbwi, nyavu wala ndugu mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, ataishi kwa kubeba ndoo za wenzake na kuparua samaki, na siku ziwa likichafuka hakuna kazi wala ugali. Familia inayouvuka mwaka wa kwanza ni ile inayoanza na shamba na chakula cha kukausha, kisha ikaliona ziwa kama nyongeza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia ya namna hiyo, yenye jembe, masufuria mawili matatu na fedha kidogo.

Kufika na kupata pa kulima

Kama unaweza kuchagua mwezi, hamia Julai au Agosti. Wenyeji wametoka kuvuna, chakula kina bei nafuu, mashamba ya kukodi yako wazi, na una muda wa kuinua matuta kabla ya mvua za Oktoba na Novemba. Anayefika Desemba hukuta watu wako palizi, chakula kimepanda bei, na yeye hana hata tuta moja.

Beba barua ya utambulisho ya kijiji unachotoka. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na ugawaji wake unahitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo mtu mmoja akikuambia "nipe hela, hapa pako", hata kama ana cheo, usitoe hela. Asiye raia hapewi ardhi ya kijiji kuwa yake. Huyo ashughulikie kwanza hali yake ya ukaazi kwenye ofisi ya Uhamiaji.

Mwaka wa kwanza kodi, usinunue. Utahitaji msimu mzima kujua shamba lipi linatuama maji, lipi ni njia ya ng'ombe na lipi lina kesi ya ndugu. Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni karatasi ya daftari: ukubwa kwa hatua, mipaka, bei, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mashahidi wawili wawili, na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji.

Hapa kuna mtego unaowanasa wageni kila mwaka. Mtu anakodi shamba kwa msimu mmoja, yaani Oktoba hadi Juni, halafu anapanda muhogo. Muhogo unataka miezi 9 hadi 12, na mingine zaidi. Juni mwenye shamba analitaka shamba lake, mihogo ina unene wa kidole gumba, na hapo huna haki ya kubishana. Kama unapanda muhogo, andika miezi 18. Wala usipande mti wowote kwenye shamba la kukodi bila ruhusa. Mti unasomeka kama dai la umiliki, na unaweza kukuharibia uhusiano na kijiji kizima.

Kuhusu udongo, waulize wenyeji kwa majina wanayoyatumia. Luseni, udongo mwepesi wa kichanga ulio karibu na miamba, ndio wa viazi, muhogo na karanga, na ndio unaolimika kwa jembe la mkono bila ng'ombe. Mbuga, udongo mweusi mzito, una rutuba kuliko luseni, lakini ukilowa unanata na ukikauka unapasuka, hivyo mgeni asiye na plau hauwezi. Itogolo ni udongo wa majaruba ya mpunga. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua luseni.

Ukanda wa chini kabisa, ulio kando ya maji, unatamanisha kwa kuwa una unyevu hata kiangazi. Uache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tena mwaka 2020 na 2024 ziwa lilijaa kuliko kawaida na kumeza nyumba, vyoo na bustani zilizokuwa kwenye ukanda huo huo.

Hesabu ya chakula

Watu wazima wawili na watoto wanne wanahitaji karibu kilo 2 za unga kwa siku ili wasilale njaa. Kuanzia Novemba mnapopanda hadi Machi viazi vya kwanza vinapokomaa ni siku 120. Hizo ni kilo 240, yaani gunia mbili na nusu hivi. Huo ndio mzigo ambao lazima uwe ndani ya nyumba kabla mvua haijaanza, iwe umenunua au umelipwa kwa kibarua cha kuvuna. Ukipata kibarua Julai, omba ulipwe mazao badala ya hela. Debe ulilolipwa Julai lina thamani kubwa zaidi ifikapo Februari, na hela ya Julai haifiki Februari.

Kabla ya kuhifadhi mahindi, yapime ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga na utikise kwa dakika moja, kisha uiache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, yarudishe juani. Mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa huvunda na kuota ukungu, na ukungu huo ni sumu ambayo haitoki kwa kupikwa.

Yakikauka, tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kamua hewa, funga kila nailoni peke yake kwa kamba, weka juu ya mbao mbali na ukuta, na usifungue kila siku. Tenga kiasi cha wiki mbili pembeni kwanza. Dumuzi, mdudu mla mahindi ambaye wakulima wengi humwita Skania, hufa kwa kukosa hewa, lakini tundu moja la panya linatosha kumfufulia uhai.

Viazi vitamu: vya kula na vya kukausha

Panda mara mbili. Awamu ya kwanza iwe mvua zinaposhika Novemba, kwa ajili ya kula vikiwa vibichi kuanzia Machi. Awamu ya pili iwe Januari au Februari, nayo ndiyo ya kukausha, kwa sababu itakomaa Juni na Julai wakati jua ni kali na mvua hakuna. Ukivuna viazi vingi Aprili huwezi kuvikausha. Vitaoza tu.

Tuta liwe na urefu wa goti, na umbali wa mita 1 kutoka tuta hadi tuta. Marando, yaani vipande vya mmea vya kupandia, yawe ya sentimita 30, yakatwe kwenye ncha changa ya mmea na si kwenye shina la chini, kwa kuwa fukusi hutaga mayai kwenye shina la chini na utakuwa umehamisha wadudu shamba zima. Zika theluthi mbili ya rando, ukiacha sentimita 30 kati ya mmea na mmea. Nusu ekari itameza marando kama 6,700. Tuta likianza kupasuka viazi vinaponenepa, zifukie nyufa mara moja, maana fukusi haichimbi bali huingilia kwenye ufa.

Nusu ekari ya luseni bila mbolea, ikilimwa kwa wakati, usiitegemee itoe zaidi ya tani moja. Tani hiyo, ikishamenywa na kukaushwa, itabaki kilo 250 hadi 300. Ndiyo ile gunia mbili na nusu ya mwaka unaofuata.

Michembe, yaani viazi vinavyokatwa vikiwa vibichi na kukaushwa, hutengenezwa hivi. Vuna, acha viazi vinyauke kivulini siku mbili tatu, menya, kata vipande vyembamba visivyozidi nusu sentimita, na uanike kwenye mwamba uliofagiwa na kuoshwa. Mwanza haina uhaba wa mawe, na jiwe lililopata joto la mchana hukausha kwa chini na kwa juu. Geuza mchana, funika au ingiza ndani jioni kabla ya umande. Siku tatu hadi nne zinatosha. Kipande kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda, bado. Matobolwa ni yale yanayochemshwa kwanza, yanamenywa, yanakatwa na kuanikwa. Huchukua siku zaidi na kuni zaidi, lakini yakikauka mtoto anaweza kuyatafuna hivyo hivyo njiani kwenda shule, na hayo ndiyo yanayofaa siku ambazo kuni hazipo.

Viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa viliwe vikiwa vibichi, visikaushwe. Vitamini A iliyomo hupungua sana kwenye jua na kwenye ghala. Kausha vyeupe, na hivyo vya chungwa wapewe watoto na wajawazito wakati wa msimu.

Muhogo, na kwa nini usiharakishwe

Muhogo ndio bima ya luseni. Vijiti vya sentimita 25 vyenye macho matano hadi saba, mita 1 kwa mita 1, na ekari itachukua kama 4,000. Usichukue vijiti kwenye shamba lenye majani yaliyojikunja na madoa ya njano, kwani huo ni ugonjwa wa batobato. Kabla ya kuchukua mbegu, ng'oa pia mizizi miwili mitatu ya shamba hilo na uikate. Ikiwa na mabaka ya kahawia makavu ndani, ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na majani yake yanaweza kuwa yamekudanganya. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, ndicho pa kuulizia mbegu zinazostahimili. Mtume afisa ugani wa kata akuulizie kabla hujasafiri.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwaka wa ukame sumu huongezeka ndani ya mzizi, na ni mwaka huo huo ambapo familia yenye njaa hupunguza siku za kuloweka. Matokeo yake yanajulikana kanda hii. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla, na miguu hiyo hairudi ilivyokuwa. Wanaoupata zaidi ni watoto na wanawake, hasa pale ambapo muhogo unaliwa siku baada ya siku bila samaki wala maharage, kwa sababu mwili huhitaji protini ili kuitoa sumu hiyo.

Basi fanya hivi, na usipunguze hatua. Menya yote, hata ganda la ndani la waridi. Loweka kwenye ndoo au pipa, maji yafunike mizizi, kwa siku 3 kamili, au 4 kama kuna baridi. Mzizi ulio tayari unavunjika kwa vidole. Toa nyuzi, bomoabomoa, kamua, anika juu ya chanja au mwamba hadi ukauke kabisa. Maji ya kulowekea yamwage kwenye shimo mbali na mifugo, maana mbuzi akiyanywa anaweza kufa. Usiloweke ziwani kwenye magugu kama baadhi wafanyavyo. Utakwenda kuyakanyaga maji hayo kila siku, na habari za kichocho ziko hapa chini.

Ukinunua makopa (vipande vya muhogo mkavu) au unga wa muhogo sokoni na hujui uliandaliwaje, kuna njia ya kupunguza sumu nyumbani. Weka unga kwenye bakuli, weka alama ulipoishia. Mimina maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda, na ukifika kwenye alama acha. Tandaza kwenye sinia au kitambaa safi, unene usizidi sentimita 1, uache kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Upike siku hiyo hiyo. Hautabadilika ladha wala hautahitaji kuni za ziada, na watoto wako watabaki na miguu yao.

Dagaa

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika na bei hupanda. Nunua wakati wa giza, asubuhi mapema, pale mitumbwi inapofika mwaloni na mzigo ukiwa mwingi. Dagaa mmoja mmoja awe anang'aa, jicho halijazama, na tumbo halijapasuka. Tumbo likipasuka, atakuwa mchungu hata ukimkausha vizuri.

Usianike mchangani. Ni haraka, lakini mchanga hautoki, kuku na mbwa wanapita juu yake, na mzigo huo sokoni unaishia kuwa chakula cha mifugo. Jenga chanja: miti minane ya kuchimbia chini, urefu wa kiuno, juu fito, na juu ya fito wavu chakavu uliokazwa vizuri. Mita 1 kwa mita 4 inatosha ndoo moja. Osha dagaa kwa maji safi, tandaza tabaka moja, geuza mara kwa mara. Jua likiwa kali kuanzia saa mbili asubuhi, jioni wamekauka. Wingu likitanda, watumbukize kwenye maji ya chumvi, kilo 1 kwa lita 10, kama dakika 15, kisha anika. Chumvi itakununulia siku moja zaidi. Mvua ikikukuta mara mbili, wakaange, usiendelee kungoja jua.

Kwa familia ya watu sita, konzi mbili za dagaa wakavu kwa siku, wakisagwa ndani ya uji au mchuzi, zinafanya kazi ambayo kilo ya muhogo haiwezi. Watoto wapewe dagaa wote, pamoja na vichwa na mifupa.

Jambo la kusemwa wazi: mama mgeni asiye na mtaji anaweza kushinikizwa mwaloni alipie samaki kwa mwili wake. Nendeni wawili watatu, nunueni kwa pesa ya pamoja, na jiungeni na kikundi cha wakausha dagaa mapema. Kikundi kinampa jina na mashahidi. Na kokoro, ule wavu unaovutwa kwa kamba hadi ufukweni, msilikaribie hata kwa kibarua. Ni zana haramu, na anayekamatwa mara nyingi ni yule anayevuta kamba, si mwenye nyavu.

Maji

Kichocho cha huku ziwani ni cha tumbo. Wengi husubiri kuona damu kwenye mkojo, hawaioni, wakadhani wako salama, kumbe ini na wengu vinavimba miaka inapita. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaokaa kwenye magugu na maji yaliyotulia, na huwa vingi zaidi jua la mchana, saa nne hadi saa nane. Vinaingia kupitia ngozi, kwa hiyo kuchemsha maji ya kunywa peke yake hakukukingi kama unafua ukiwa umesimama majini hadi magotini. Teka kuanzia kunakopambazuka kabisa hadi saa tatu, mahali peupe pasipo magugu, ukiwa juu ya jiwe au gati. Gizani usiende: alfajiri na jioni ni saa za mamba, na kiboko aliyetoka kula hukanyaga chochote kilicho kati yake na maji.

Maji ya kuogea na kufulia yalaze. Kijidudu kisipopata ngozi hufa ndani ya siku moja hadi mbili. Tumia vyombo vitatu vyenye vifuniko: leo jaza cha kwanza, kesho cha pili, kesho kutwa cha tatu, na siku hiyo tumia cha kwanza. Usichovye ndoo iliyotoka ziwani kwenye chombo kilicholala.

Kuyalaza maji hakuui vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo ya kunywa yachemshe au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti. Kuni zikikosekana, jaza chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zilaze kwenye bati juani kwa muda wa saa 6. Anga likiwa na mawingu, siku 2. Maji yawe maangavu. Yakiwa na tope, jua halipenyi na umepoteza muda.

Bati kumi za mita 3 zinafunika karibu mita za mraba 20. Mvua ya milimita 30 juu yake ni lita 600, na ukitoa inayopotea unabaki na 480. Funga mfereji wa bati lililokunjwa hata kabla nyumba haijapigwa lipu. Maji ya kwanza ya mvua yaachie dakika kumi yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Wote waliowahi kuingia ziwani wapimwe zahanati na wapewe prazikwanteli, dawa ya kichocho. Dawa hiyo haikingi, inaponya tu, na ukirudi majini unaupata tena.

Choo na kuku

Choo kiwe mita 30 kutoka kisima, upande wa chini wa mteremko. Ukichimba ukakuta maji kwenye mita moja na nusu, simama hapo, na inua sakafu kwa mawe badala ya kuongeza kina. Kuku watano na jogoo wanatosha kuanzia. Kinachowamaliza ni kideri, na chanjo yake ya tone la jicho, inayostahimili joto, hutolewa kila miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo changeni na majirani na mchanje siku moja.

Mbegu kabla ya mvua

Kiangazi marando hukauka, na Novemba mgeni hujikuta ananunua mbegu kwa bei ya chakula. Julai, unapovuna, chagua viazi vidogo 40 vilivyonyooka, visivyo na tundu hata moja la fukusi. Vipange kwenye beseni, tabaka la mchanga mkavu uliopoa, tabaka la viazi visivyogusana, mchanga tena, hadi vifunikwe. Weka ndani, pakavu. Mwisho wa Agosti, wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vitoe vilivyochipua na uvipande kwenye kitalu kidogo karibu na jiko, pazungushiwe miiba dhidi ya mbuzi, na umwagilie kwa maji ya kufulia nguo yasiyo na sabuni nyingi. Viazi 40 vinaweza kukupa marando kama 1,500 ya kuanzia. Kiazi kikioza kwenye beseni, mchanga ulikuwa na unyevu au kiazi kilikuwa na jeraha la jembe. Kitoe pamoja na mchanga uliokigusa, na vilivyobaki vihamishe kwenye mchanga mwingine siku hiyo hiyo.